Kumimina Bila Kuonja

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwenye baa moja karibu na bandari, hapa Kindu, nikaone jinsi kazi yangu inavyofanywa siku hizi. Nimeona. Kijana alifungua chupa kwa meno, akatema kifuniko sakafuni, akamimina bia kutoka juu kama mtu anayemwagilia mboga za lengalenga, kisha akaniwekea glasi mbele yangu huku kidole gumba chake kimezama ndani mpaka kwenye kucha. Nikamwuliza, mwanangu, hicho kidole ni cha bure? Akacheka. Alidhani namtania.

Ndiyo maana nawaandikia nyinyi mnaojiita barmani kwa sababu mmepewa kifungulio na fulana ya kiwanda cha bia. Sikasiriki. Mtu wa umri wangu akikasirika hulazwa. Lakini kucheka nitacheka, na mkae mnisikilize.

Mimi ni Alfonsi, mtoto wa Kailo. Nilisimama nyuma ya kontwari, ile meza ndefu ya kuhudumia vinywaji, miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Nilianzia Serkle, klabu ya Wazungu iliyokuwa ukingoni mwa Lualaba enzi za Wabeleji kutawala Kongo. Mtu mweusi aliingia pale kwa mlango wa nyuma, kwa kufagia au kwa kuhudumu. Na wakati nilipoanza, sheria ilikuwa bado kali: bia tuliruhusiwa, lakini mvinyo na wiski hapana, eti kichwa cha mtu mweusi hakiviwezi. Vichwa vya Wazungu viliviweza sana, kama tulivyojionea tulipowaokota kwenye maua ya bustani, mmoja kiatu huku, mwingine miwani kule. Mweusi akikutwa na harufu ya wiski mdomoni alikwenda jela, na akitoka jela alikuta karatasi yake ya kuishi mjini imekwisha chanwa.

Basi fikirini kazi hiyo. Kuchanganya, kupima na kuhudumu vitu ambavyo ulimi wako umekatazwa kuvijua. Nyinyi mnaonja kila chupa mpaka saa kumi jioni hamjui mteja ni yupi na ukuta ni upi, na bado bia yenu ni ya moto.

Aliyenifundisha ni Baba Ramazani, mtu wa Kasongo, Mwislamu wa swala tano, ambaye hata bia hakuwahi kuigusa. Huyo ndiye aliyekuwa barmani mkuu wa Serkle, na sijaona mwingine kama yeye. Watu wa sité, mtaa wetu sisi weusi, walimcheka kwamba anawatilia Wazungu moto tumboni na yeye anakunywa chai. Msikitini pia walikuwepo waliomnunia. Aliwajibu wote neno moja.

"Munganga anatunzaka watu wa ukoma. Juu ya ile, yeye naye iko na ukoma?"

Wiki tatu za kwanza hakunipa hata kizibo. Alinifunga kitambaa machoni, akamimina maji kutoka chupa moja hadi nyingine, na mimi niseme chupa imebaki na kiasi gani. Chupa iliyojaa husema kwa sauti nyembamba, ikipungua sauti inakuwa nene. Nilipokosea alinigonga utosini kwa kijiko.

"Sikiliza chupa, Alfonsi. Macho achia mutu. Ukiangalia chupa, nani ataona kama mutu anakasirika?"

Kisha ikaja pua. Kila asubuhi alinisogezea vizibo, kimoja baada ya kingine, nikavinusa na kutaja: konyaki, jini, wiski ya Waskoti, wiski ile nyingine inayonukia mbao. Baada ya miezi michache pua yangu ilisoma chupa kabla macho hayajasoma karatasi yake. Halafu alinifundisha kuzungusha glasi na kutazama wiski inavyoteremka ukutani. Wiski nzima hushuka polepole, inaacha mistari. Yenye maji inakimbia.

Msidhani nilikuwa hodari tangu mwanzo. Mwezi wa pili niliharibu Jumapili ya mtu. Kulikuwa na mkubwa mmoja wa reli tuliyemwita Bwana Mapovu, maana bia yake lazima iwe na povu la vidole viwili, na kabla ya kunywa alilipima kweli kwa vidole. Siku hiyo nilipangusa glasi yake kwa kitambaa nilichokiona jikoni. Mpishi alikuwa amekishikia samaki. Mafuta huua povu, vijana, hata mafuta usiyoyaona. Glasi ya bia huoshwa peke yake, husuuzwa kwa maji baridi, na huachwa ijikaushe ikiwa imeinamishwa. Nilimimina, povu likainuka, likalala, likafa. Nikamimina nyingine, ikafa vilevile. Bwana Mapovu alitazama zile glasi kama anatazama maiti za ndugu zake, akaomba karatasi, akakiandikia kiwanda barua ya kurasa tatu. Mtu huyo alipoletewa habari kwamba vibarua wake wanabeba mizigo bila viatu, alijibu baada ya miezi miwili. Ya povu aliijibu palepale, kwa wino mwekundu.

Baba Ramazani alikinusa kile kitambaa, akanitazama, akasema tu, "Leo umeua watoto wawili ya muzungu." Kisha akanifundisha kuosha glasi upya tangu mwanzo.

Kuna pia ustadi wa kumkatalia mlevi bila kumkatalia. Nyinyi mnamwambia "umelewa", halafu mnashangaa viti vinaruka. Palikuwa na madamu mmoja, mke wa mfanyabiashara, ambaye jini ya nne ilimtoa machozi na ya tano ilimpandisha mezani. Baba Ramazani alikuwa akihesabu. Baada ya ya tatu, alichovya kidole safi kwenye jini, akapaka ukingo wa glasi, na ndani akatia toniki tupu na limau. Madamu alinusa jini, akanywa toniki, akasema, "Ah, hii ndiyo kali!" Akanywa tatu za namna hiyo, akaenda kwake kwa miguu yake mwenyewe huku anaimba. Hapo ndipo nilipojua kwamba ulimi wa Mzungu, uliosifiwa na sheria nzima, uko puani kama wetu.

Na kusikia! Walikuwa wakizungumza Kifaransa mbele yetu kana kwamba sisi ni makabati. Nani atahamishwa, nani anaibia nani, mke wa nani anamwandikia nani. Baba Ramazani alisema, "Masikio yako isikie, uso yako isisikie." Siku moja walijadili kwa nusu saa kama mtu mweusi ana uwezo wa kutunza siri. Sisi tukiwa tumesimama pale na siri zao zote, tunapangusa glasi.

Sasa niwaeleze lile jambo lenyewe lililonifanya nichukue kalamu.

Msimamizi wa Serkle alikuwa mnene mwenye masharubu ya manjano. Tulimwita Bwana Pua. Kila siku saa sita, kabla hatujaenda kula, alitupanga mstari kwenye veranda ya nyuma: Baba Ramazani, mimi, mpishi, mfagiaji. Alisogeza uso wake mpaka masharubu yanakutekenya, akasema, "Pumua!" Ukapumua. Akanusa. "Bon. Mwingine!" Baba Ramazani, mtu mzima mwenye wajukuu, alinuswa mdomoni namna hiyo kila siku ya Mungu, na kila siku kabla ya hapo alisukutua mdomo kwa maji, kwa heshima ya pua ya yule mtu. Mimi niliona uchungu. Yeye alisema adabu ni yake, haina haja ya kurudishwa.

Lakini fikirini kidogo. Mtu akiukaribia mdomo wako na pua yake, mdomo wake uko wapi? Uko kwenye pua yako. Na pua yangu ilikuwa imefundishwa. Kila siku saa sita mchana, nikipumua nje, nilivuta ndani wiski ya Waskoti, safi kabisa, haijachanganywa na kitu. Mara ya kwanza nilidhani nakosea. Mara ya kumi nilimwambia Baba Ramazani.

"Baba, Bwana iko anakunywa mu chupa za Serkle."

"Najua."

"Na mule anatia maji. Nimeona wiski inakimbia mu glasi."

"Najua. Funga kinywa. Siku utasema muzungu ananuka, siku ile watauliza: weye unajua namna gani ile harufu?"

Nilifunga. Miezi ikapita. Wazungu wote wa Kindu wakanywa wiski ya maji, wakaisifu, wakafundishana jinsi ya kuinusa. Mpaka siku moja treni kutoka kusini ikaleta daktari mmoja mgeni, mrefu, mkimya. Alionja mara moja, akaweka glasi chini, akasema kwa Kifaransa, "Waungwana, hii imebatizwa."

Bwana Pua, aliyekuwa amesimama karibu, ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga kelele. Boyi! Ni maboyi! Wanakunywa na kujazia maji! Kabati la wiski lilikuwa na funguo mbili, moja yake na moja ya Baba Ramazani. Na Bwana Pua ni Mzungu. Kwa hiyo hesabu ilikuwa imekwisha kabla haijaanza.

Prezida wa Serkle alisema shauri litaangaliwa Jumapili baada ya misa. Siku zile tatu katikati nilimwona Baba Ramazani akikonda. Jela hakuiogopa sana. Aliogopa jina. Kama wangemhukumu, asubuhi yake Kindu nzima mpaka Kasongo ingesikia kwamba Ramazani, mtu wa swala, alikuwa mlevi wa siri miaka yote ile, na wale waliomnunia msikitini wangepata sababu. Aliniambia mara moja tu, akiwa anapanga glasi.

"Wanifunge, basi. Lakini watoto yangu waitwe watoto ya mulevi? Ile hapana, Alfonsi. Ile inanishinda."

Jumapili, saa nne, Wazungu kama ishirini walikaa kwa nusu duara na nguo zao za misa. Sisi wawili tulisimama mbele. Prezida, aliyejiona mwerevu, alikuwa ametega mtego. Aliweka mezani glasi tatu za wiski. Mbili zilitoka kwenye chupa mpya iliyofunguliwa na daktari, moja kutoka kabatini.

"Ramazani," akasema, "weye barmani ya zamani. Onyesha glasi iko na maji."

Baba Ramazani alizitazama. Nilimwona anaelewa. Akionyesha ile ya kweli, wataambiana: amejuaje kama hajanywa? Akikosea, watasema: si ajabu, hajui kazi, ndiye aliyeharibu. Akaweka mikono nyuma.

"Monsieur le Président, mi sijaonja ile kitu hata siku moja. Sijui utamu yake."

Hapo ndipo hatari ingeishia, vijana. Jibu lilikuwa zuri. Wangenung'unika, wangetuhamishia bustanini, yangekwisha. Lakini palikuwa na mjinga mmoja pale, kijana mwenye pua iliyosomeshwa, aliyeona maarifa yake yanadharauliwa mbele ya watu. Mjinga huyo alipiga hatua moja mbele, akainusa glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaizungusha ile ya katikati, akasema kwa sauti, "Njo hii!", yaani ndiyo hii.

Nilikuwa sahihi. Nilisimama pale nikingojea, sijui, labda makofi.

Bwana Pua alicheka mpaka masharubu yakalowa. "Munaona! Mutu hawezi kujua wiski kama hajakunywa! Njo huyu! Yee na muzee yake!" Prezida akamwita polisi aliyekuwa mlangoni. Nilitaka kusema neno na ulimi ukakataa. Ulikuwa umechelewa kunyamaza na sasa ulichelewa kusema.

Baba Ramazani hakunitazama. Alisema kwa utulivu, "Monsieur le Président, naomba kijiko na kiberiti."

Wakampa, kwa udadisi zaidi kuliko kwa haki. Alipasha kijiko kwa njiti moja, akatia wiski kidogo kutoka glasi ya kwanza, akawasha njiti ya pili. Mwali wa buluu, mdogo, ukatambaa juu ya kijiko. Glasi ya tatu, vilevile. Ile ya katikati, njiti ililia "chii", ikafa. Akarudia, ikafa tena.

"Moto hainywake, Monsieur. Na yenyewe inajua."

Daktari aliuliza amejifunzia wapi. Baba Ramazani alisema jikoni. Haikuwa kweli. Kila mama wa sité aliyepika lotoko, ile pombe kali ya mihogo ambayo nayo ilikatazwa, alijua kuipima kwa moto; kama angesema kweli, jioni ile wangefungwa mama arobaini. Tena ni wao waliouza, na wateja wengine walikuja na magari ya serikali.

Mimi nilikuwa nimepona, maana sasa ilionekana mtu aweza kujua bila kunywa. Angeishia hapo. Lakini Bwana Pua akadai tena kwamba funguo ni funguo, na Baba Ramazani, ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti, akageuka taratibu.

"Funguo iko mbili. Kila siku ufunguo yangu inapumua. Hata leo, nuseni." Akamsogelea prezida, akapumua. Prezida akanusa bila kutaka. Hakuna kitu. "Basi. Ufunguo ya pili haijapumua hata siku moja."

Daktari alisimama, akamwendea Bwana Pua, akasema kwa upole, kama anavyomwambia mgonjwa, "Pumua, rafiki." Bwana Pua alikunja midomo. Masharubu yalitetemeka, mashavu yakawa mekundu, halafu ya zambarau, na mtu yule akakaa bila kupumua mbele ya Wazungu ishirini mpaka macho yakamtoka. Saa nne na nusu asubuhi, tena katoka misani. Hakuna aliyehitaji kunusa tena.

Mnataka kujua alifungwa miaka mingapi? Watoto wazuri. Alihamishwa kwenye klabu kubwa zaidi, mji mkubwa zaidi, na wakamwandalia karamu ya kumuaga. Na Baba Ramazani, ambaye jina lake lilibaki safi kama glasi, aliitwa Jumatatu na kuambiwa kwamba Serkle inamshukuru, ila wanachama hawajisikii vizuri tena. Nilimsikia prezida akieleza mezani, kwa Kifaransa, mbele ya kabati, yaani mbele yangu: mweusi anayemwomba Mzungu apumue leo, kesho ataomba nini?

Kisha aliniita mimi. Barmani mkuu, koti jeupe, vifungo vya shaba. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Nilikwenda kwa Baba Ramazani kumwambia. Alikuwa anafunga vitu vyake. Dada yake alikuwa na shamba la mpunga Kibombo. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

"Kazi ni kazi. Weye unaijua. Treni yangu iko Siku ya Mungu, saa tano. Utakuja kunisaidia na sanduku?"

"Nitakuja, Baba. Kweli."

Karamu ya Bwana Pua ikawekwa Jumapili hiyohiyo, saa nne. Stesheni haikuwa mbali. Kwa ruhusa ya nusu saa ningekwenda na kurudi, na mpishi angenishikia kontwari. Ruhusa sikuiomba. Hakuna aliyeninyima, msije mkaniandikia sababu nisizokuwa nazo. Niliogopa kuomba kitu siku ya kwanza ya vifungo vya shaba.

Mzee yule alinisemea nilipopumbaa, akapoteza mkate wake kwa kunisemea, akaniomba mkono mmoja tu wa kushika sanduku. Nami nilikuwa nazunguka na sinia kati ya suruali nyeupe, kila mtu na chake, bila kumwuliza yeyote anakunywa nini. Prezida alimwambia jirani yake kwamba huyu mdogo ni bora kuliko yule mzee. Ndipo treni ikapiga honi. Bwana Pua aliniinulia glasi tupu, bila kunitazama. Nilimimina wiski nzima, ya Waskoti, kwa sikio, kiasi chake kamili, nikamtakia afya, "Santé, Monsieur."

Mkono haukutetemeka hata kidogo. Laiti ungetetemeka.